Wadudu wa Maharagi, Kunde na Mahindi: Kuwatambua na Kuwashinda



Mvua ya Septemba inaanza, mama anafungua kikapo cha mbegu, na ndani anakuta nini? Unga na matundu. Kwetu Kasongo na Kabambare hasara hii si ndogo. Ndani ya kikapo kile mlikuwa shamba la mwaka unaokuja, chakula cha nyumbani, tena minervali ya mtoto.

Wengine husema: "Maharagi yamezaa wadudu." Hapana. Mbegu haizai mdudu. Mdudu anatoka katika yai la mama yake. Tukijua yai liko wapi, tutaweza kumshinda.

1. KUWATAMBUA

a) Mdudu wa maharagi. Urefu wake ni milimeta 3 hadi 5, rangi yake kahawia na kijivu, mabawa ya juu ni magumu. Asili yake ni Amerika, kama maharagi yenyewe. Jike hutaga mayai kati ya mbegu bila kuyagandisha, au katika maganda yanayokauka shambani. Kwa hiyo mara nyingi sisi wenyewe tunamleta nyumbani siku ya kuvuna.

b) Mdudu wa kunde. Huyu ni ndugu yake wa Afrika. Hubandika mayai juu ya ngozi ya kunde. Utayaona kama vitone vyeupe.

c) Mdudu wa mahindi na mpunga. Ana pua ndefu. Hutoboa punje, hutia yai, kisha huziba tundu. Hapo jicho halioni kitu.

2. MAISHA YAO

Funza huingia ndani ya mbegu na kula pole pole. Kwa joto la kwetu, baada ya mwezi mmoja hivi mdudu mzima hutoka. Yule wa maharagi na yule wa kunde, wakiisha kuota mabawa, hawali mbegu tena. Kazi yao ni kutaga tu. Basi ukiona matundu, kizazi cha kwanza kimekwisha kula, na cha pili kimeanza. Tusingoje matundu!

3. KUWASHINDA

Kwanza, vuna mara maganda yakikauka. Ondoa mbegu za zamani zenye matundu, usizichanganye na mpya.

Pili, kausha vizuri. Kupima: tia mbegu na chumvi kavu katika chupa kavu, tikisa. Chumvi ikishika kioo, mbegu bado zina maji, zirudishe juani.

Tatu, chagua njia moja:

– Bidoni. Jaza mbegu kavu mpaka juu, funga sana. Wadudu watakosa hewa na kufa. Usifungue kila siku.

– Majivu. Yachunge, yawe yamepoa. Kipimo kimoja cha mbegu, kipimo kimoja cha majivu. Juu funika kwa majivu matupu.

– Mawese, kwa maharagi ya kula. Kijiko kidogo kimoja kwa kilo moja. Changanya mpaka kila mbegu ing'ae. Mafuta huua mayai.

– Kugeuza. Mwaka 1991 wataalamu wa Marekani walionyesha kwamba funza wa maharagi anahitaji muda mrefu kutoboa mbegu. Chombo kisijae, ukikigeuza asubuhi na jioni, anapoteza tundu lake, anachoka na kufa. Lakini njia hii si ya kunde, kwa sababu gani? Fikiri juu ya yai lake.

4. ANGALIZO

Dawa ya kupiga shambani ni sumu. Usiitie katika chakula, wala usinunue unga wa dawa usio na jina. Kuosha hakutoshi.

KAZI YA NYUMBANI

Tia maharagi 100 katika chupa moja, na 100 katika nyingine. Ya kwanza igeuze asubuhi na jioni, ya pili iache. Baada ya miezi miwili hesabu mbegu zenye matundu, kisha onyesha wazazi chupa zote mbili.