Homa ya Mafua: Wakati wa Kutafuta Matibabu

Homa ya mafua si mafua ya kawaida. Huanza ghafla kwa homa, kikohozi, maumivu ya mwili na uchovu mwingi. Wengi hupona nyumbani kwa kupumzika na kunywa maji ya kutosha. Kwa wengine, hata hivyo, ugonjwa hushambulia mapafu, na kuchelewa huhatarisha maisha.

Piga simu 911 au nenda idara ya dharura mara moja endapo mtoto:
• anapumua kwa kasi au kwa shida, na mbavu zinabonyea;
• midomo, ufizi au ulimi umegeuka rangi ya buluu au kijivu;
• hajakojoa kwa saa 8, au analia bila machozi;
• amelegea na haitiki, au amepata degedege;
• ana homa inayozidi 104 °F (40 °C) isiyoshuka kwa dawa;
• hajatimiza wiki 12 na ana homa yoyote.

Au endapo mtu mzima:
• anakosa pumzi, au kifua kinamuuma bila kukoma;
• amechanganyikiwa, au ni vigumu kumwamsha;
• hakojoi, au amedhoofika kupita kiasi.

Kwa wote: homa au kikohozi kikipungua, kisha kikarudi kwa nguvu, usingoje.

Wajawazito, watoto chini ya miaka 5, wazee wa miaka 65 na zaidi, na wenye pumu, kisukari au maradhi ya moyo wawasiliane na daktari dalili zinapoanza. Dawa za kupambana na virusi hufaa zaidi zikianzwa ndani ya siku 2. Usimpe mtoto aspirini.

Ikiwa mgonjwa amewasili au amerejea kutoka Afrika karibuni, mweleze daktari. Malaria pia huanza kwa homa, na hutambuliwa kwa kupima damu.

Usizuiwe na lugha wala fedha
Ukipiga 911, sema "Swahili" na usikate simu. Hospitalini, omba mkalimani, hutozwi chochote. Usimtwike mtoto kazi hiyo. Tangu 1986, sheria ya Marekani huzitaka idara za dharura zimpime kila anayefika, hata asiye na bima. Bili ikija baadaye, uliza kuhusu msaada wa malipo. Parkland (Dallas), JPS (Fort Worth) na Harris Health (Houston) ni hospitali za umma.

Mficha maradhi, kifo humuumbua.