Tumjue Chui

Chui huishi misituni, milimani, hata karibu na vijiji vyetu. Mchana hulala mtini au kichakani, na madoa yake humficha. Usiku huwinda peke yake. Hula swala, ndege, hata panya. Nyani na nguruwe mwitu wanaoharibu mahindi yetu pia ni chakula chake. Nyama humpandisha mtini, fisi wasimnyang'anye.

Lakini tukiwamaliza swala, atafuata mbuzi. Tusimtegee sumu: itaua mbwa na tai pia. Basi ndugu, tujenge zizi imara lenye paa, maana ua anaupanda. Mbuzi waingie kabla ya giza.

Maswali
1. Kwa nini chui hupandisha nyama mtini?
2. Je, zizi lako lina paa?