Je, mahindi hutungishwa kama sisi?

*Mahindi yangu yana mapengo. Jirani anasema hayakutungishwa. Kwani mimea hutunga mimba kama watu? – Mkulima, Morogoro*

Huenda jirani amesema kweli, na usiogope. Kama kwa binadamu, mbegu ya kiume lazima iungane na yai. Chavua hutoka kwenye mbelewele, hutua juu ya ndevu za hindi, kisha huotesha mrija mwembamba mpaka kwenye yai. Kila uzi wa ndevu una punje yake. Usiopata chavua huacha pengo.

Tofauti ni hii, nayo hunishangaza hadi leo: chavua hupeleka mbegu mbili za kiume. Moja hutunga kiinitete, nyingine huanzisha akiba ya chakula chake, ndiyo unga wa ugali wetu. Mtoto wa binadamu, yeye, hulishwa tumboni kupitia kondo la nyuma.

Ili chavua ifikie ndevu, msimu ujao panda mistari kadhaa sambamba, si mmoja mrefu, na mwagilia mahindi yanapochanua. Mapengo yakiendelea, mwite afisa ugani.