Ghasia za vijana: Kinga yahitaji fedha

Usiku wa Julai 13, 1991, wavulana wa Shule ya Upili ya St Kizito, Meru, walivamia bweni la wasichana waliokataa kujiunga na mgomo. Wasichana 19 walifariki.

Mwaka 1996 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitangaza ghasia kuwa tatizo la afya ya umma. Kama maradhi mengi, nazo huzuilika: vijana wafunzwe kutatua ugomvi kwa mazungumzo, nao ulevi upunguzwe.

Kinga hiyo hugharimu. Katiba ya 2010 ilizikabidhi kaunti, Meru na Embu zikiwemo, vyuo vya ufundi vijijini, michezo na udhibiti wa dawa za kulevya. Makadirio ya bajeti hufikishwa katika bunge la kaunti kufikia Aprili 30, na sheria yataka wananchi washirikishwe.

Mzazi, hudhuria mkutano, uulize: vijana wametengewa pesa ngapi?