Orodha Inayokusema Ukiwa Haupo

Somo la leo halihusu kondomu wala malaria. Linahusu majina ya mafaili kwenye kompyuta. Subirini, msifunue ukurasa! Kliniki tutafika, tena mapema.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Siku moja umeme ulikatika ofisini, nikashuka Bomang'ombe, pale kwenye barabara kuu ya Moshi na Arusha, nikaingia duka moja la fotokopi. Nikafungua akaunti yangu ya Google kwenye kompyuta ya duka, nikachapa karatasi za semina, nikalipa, nikakimbilia gari. Haraka haraka! Akaunti nikaiacha wazi.

Kesho yake nikarudi. Kijana wa duka akaniambia, "Dada, jana uliacha vitu vyako wazi. Nimefunga, na sijafungua faili hata moja." Nikamshukuru sana. Ndipo akainama, akaninong'oneza: "Kumbe kale kabinti nako kanatumia dawa?"

Nilihisi miguu inaniishia nguvu. Alikuwa anasema kweli, hakufungua kitu. Hakuwa na haja. Nilikuwa na faili la ratiba ya binti mmoja ninayemsaidia kukumbuka dawa zake, na nililipa faili hilo jina lake, shule yake na neno ARV. Lilikuwa juu kabisa kwenye orodha ya mafaili yaliyofunguliwa karibuni.

Sasa tuelewane orodha hii ni kitu gani. Mafaili mengi siku hizi hayakai ndani ya simu yako. Yanakaa kwenye mitambo ya kampuni, mbali huko, nawe unayaita kwa intaneti popote ulipo. Wenyewe wanaita "wingu", ingawa si lile linalomficha Kibo mchana. Google Drive, iliyoanza mwaka 2012, ni mojawapo. Ukifungua faili humo, mtambo unaandika: fulani kafungua hiki, saa hii. Kisha unakupangia sehemu inayoitwa Recent, la mwisho kufunguliwa likiwa la kwanza. Nia yake ni njema, usihangaike kutafuta. Ila wewe hukuiandika orodha hiyo na hukuulizwa. Hata faili ulilotumiwa na rafiki, ukalichungulia mara moja tu, linaingia.

Na hapa ndipo wengi wanapokosea. Orodha ya wingu ni ya akaunti, siyo ya mashine. Ulichosoma usiku kwenye simu ya mama, kwa akaunti yako, kitajitokeza kesho kwenye kompyuta ya maktaba ukiingia na akaunti ileile. Wanafunzi wengi hamna simu zenu, mnaazima ya kaka, ya shangazi, ya mshikaji. Ukiacha akaunti yako kwenye simu ya shangazi, shangazi anasoma mambo yako bila hata kukusudia. Anatafuta picha za harusi, anakutana na "Dalili za kisonono". Hapo utaeleza nini?

Kuna na orodha ya pili, ambayo ni ya mashine yenyewe. Word ina yake, Windows nayo ina yake, na faili ulilopakua linabaki kwenye folda ya Downloads hata ukishatoka kwenye akaunti. Mteja anayekaa kiti kile baada yako anaona yote. Vijana wajanja wataniambia, "Sisi tunatumia dirisha la siri." Sawa, linasaidia: ukilifunga, kompyuta haibaki na kumbukumbu ya kurasa ulizotembelea. Lakini ukiwa umeingia kwenye akaunti yako humo, wingu bado linaandika. Na ulichopakua bado kipo palepale.

Je, tufanyeje? Kwanza kabisa jina. Jina la faili ni kama bango la dukani, linasomwa na apitaye njia. Andika "Ratiba 3" au "Kazi ya Juni", jina la mtu na la ugonjwa yasikae pamoja hapo. Kwenye Google Drive huwezi kufuta mstari wa orodha na kuacha faili, lakini ukibadili jina la faili lako, jina jipya ndilo litakaloonekana. Kwenye Word unaweza kubofya jina kwa kitufe cha kulia na kuliondoa kwenye orodha. Pili, ukimaliza bonyeza Sign out. Kufunga dirisha peke yake si kutoka! Na ukikumbuka tayari uko kwenye gari, usipanik: chukua simu yoyote unayoiamini, ingia kwenye akaunti yako ya Google, nenda sehemu ya usalama, tazama vifaa vyako, uitoe ile kompyuta ukiwa mbali. Mimi siku ile sikulijua hili. Kisha, usisahau kujitoa kwenye simu hiyo pia.

Mtu atasema, ya nini siri, si UKIMWI sasa una dawa? Kweli, mtu anayemeza ARV vizuri mpaka virusi havionekani kwenye vipimo hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana. Lakini nani aambiwe na lini, anaamua mwenye mwili. Mwaka 2019 Bunge lilishusha umri wa kupima VVU bila ridhaa ya mzazi kutoka miaka 18 hadi 15. Maana yake wewe wa kidato cha tatu unaweza kwenda kupima peke yako, na Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inataka majibu yako yawe siri. Tena tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, ambayo inaziweka habari za afya ya mtu kwenye kundi la taarifa nyeti. Sheria hizo zinatugusa hasa sisi tunaotunza habari za wengine. Siyo daktari tu. Mimi na kompyuta yangu pia.

Yule kijana wa duka nilimwomba anyamaze, akaahidi. Lile faili nililifuta, na kumwambia mkuu wangu wa kazi nilimwambia. Kazi ngumu ilikuwa kumwambia binti. Nilimkuta nyumbani kwao, anachambua maharage na bibi yake, nikamwita pembeni chini ya migomba. Sikutafuta visingizio. Hakulia. Aliniuliza, "Dada, na kabla yeye hajafunga, nani mwingine alikaa pale?"

Sikuwa na jibu la kumpa.

ZOEZI: Wiki hii, ukikaa kwenye kompyuta ya duka au maktaba, usiguse mafaili ya mtu. Fungua akaunti yako tu, soma orodha yako ya karibuni kuanzia juu hadi chini, kana kwamba wewe ni mteja anayefuata. Je, amejua nini kukuhusu? Kisha mjadili kwenye klabu: mwenzenu akikuta akaunti ya mwanafunzi mwingine imeachwa wazi, afanye nini, na aseme nini?