Chujio la kutenga maji kwenye boti ndogo

Swali: Boti yangu ya faiba ina mashine ya nguvu za farasi 15, yenye chujio lake dogo la petroli. Je, kuna haja ya kuongeza chujio la kutenga maji?

Jibu: Haja ipo. Tangi lisilojaa huingiza hewa yenye unyevu; usiku hewa hiyo hupoa na kuacha matone, na kwa kuwa maji ni mazito kuliko petroli, hutuama chini, pale mafuta yanaponyonywa. Chujio dogo la mashine hukamata taka, lakini nafasi yake ya maji hujaa upesi, na yanayopita huziba vitundu vya kabureta na kuleta kutu. Chujio la mikroni 10 lenye kikombe kinachoonyesha ndani hukuwezesha kuyaona na kuyamwaga kabla ya safari.

Wapo wanaosema kila kiungo kipya ni mlango wa hewa. Ni kweli, na ndiyo sababu chujio lifungwe wima kati ya tangi na pampu ya mkono, kwa mpira wa petroli na klipu zisizoshika kutu, likaguliwe mara kwa mara. Gharama ya chujio hilo ni ndogo kuliko mashine kuzimika nje ya mwamba, kusi ikivuma.