Jiji la Tram 83 ni Lubumbashi au si Lubumbashi?

*Mwalimu, nasoma mwaka wa mwisho wa sekondari hapa Kipushi. Katika Tram 83 ya Fiston Mwanza Mujila naiona Lubumbashi kila ukurasa, lakini mwalimu wetu anasema ni istiari ya Afrika nzima. Nani yuko sahihi? Mtihani unanitia hofu.*
*Mwanafunzi, Kipushi*

Mdogo wangu, tulia: nyote wawili mmesoma vizuri. Mujila alizaliwa Lubumbashi mwaka 1981, na riwaya yake ya 2014 imejaa mambo unayoyajua: stesheni ya chuma isiyomalizika, wachimbaji na wanafunzi, jenerali muasi anayeshika migodi. Ila jiji lenyewe hakulitaja kwa jina, ndiyo maana msomaji wa mbali naye hujiona humo. Albert Camus alipita njia nyingine katika riwaya yake La Peste, 1947. Aliutaja mji wa Oran waziwazi, lakini tauni aliyoibuni ilibeba habari za Ulaya chini ya Wanazi.

Kwenye mtihani, anza na historia. Chagua tukio moja tu, ulilinganishe na kampuni ya migodi ya Gécamines au na kujitenga kwa Katanga, 1960 hadi 1963, kisha ueleze linasema nini zaidi ya hapo. Usimtafutie kila mhusika mtu halisi. Riwaya si kitendawili chenye jibu moja.

Ukikwama, waulize wazee waliokuwa kazini mgodi wa Kipushi uliposimama mwaka 1993. Bado hofu ikibaki, mpelekee mwalimu wako aya moja, umwombe akuonyeshe humo hiyo Afrika nzima anayoiona.